Yamaha P-45 mtumba hapa Mwanza: haina biti, haina betri, na siiuzi

Naanza na wenye haraka. Kama unapiga kwenye harusi, kwenye mikutano ya injili uwanjani au kwenye bendi, hii kitu achana nayo, tafuta PSR, vile vinanda vya Yamaha vyenye biti ndani, yenye staili zako ubaki na amani. Kama unajifunza piano kwelikweli, au unafundisha kwaya ya sauti nne na unataka vidole vyako viwe na adabu, inunue, hata mtumba, hata kwa kudunduliza. Wenye muda wabaki, maana maelezo yangu marefu na kuna mzee mmoja wa Kisovieti, marehemu, ataingia humu katikati, nikimtoa hamtaelewa kwa nini mpiga kinanda wa kwaya huku Igoma ameamua kutoa milioni na ushee kwa mashine ambayo ndani yake hamna hata ngoma moja.

Ni nini hasa. P-45 ni piano ya umeme ya Yamaha, ilitoka 2015 ikachukua nafasi ya P-35, ilipofika 2023 ikaja P-145, P-45 nayo ikapumzishwa. Kwa hiyo siku hizi mpya ya boksi ni bahati, nyingi unazoziona zinauzwa ni zilizotumika. Vibonyezo 88 kamili, uzito kilo 11 na nusu, urefu mita moja na sentimita 32 hivi. Usoni ina batani mbili tu, moja ya kuwashia na nyingine ya kazi zote zilizobaki, pamoja na ile ya kusogeza ya sauti kubwa na ndogo. Basi. Mtoto wa dada alipoiona mara ya kwanza akauliza, mjomba, skrini yake iko wapi? Haina skrini. Ina sauti kumi: piano mbili, piano za umeme mbili, ogani za bomba mbili, nyuzi, vaibrafoni na hapsikodi mbili. Ukitaka kubadili unashikilia ile batani unabonyeza na kibonyezo fulani, kipi, uwe umekariri au umebandika karatasi. Mi nimebandika karatasi.

Sasa tuje kwenye mguso maana hapo ndo pesa yako ilipo. Kwenye PSR za kawaida, hizi za vibonyezo 61 ambazo karibu kila kigango kinazo, chini ya kidole kuna plastiki na springi, unagusa inashuka. Kwenye piano ya kweli kidole kinarusha nyundo yenye kichwa cha sufi iliyokandamizwa, nyundo inagonga nyuzi inarudi, kwa hiyo ukibonyeza unausikia uzito wa kitu kinachoondoka. P-45 nyuzi haina ila vijinyundo inavyo, tena wameviweka kwa ngazi, upande wa besi ni mizito na ukienda juu inazidi kuwa myepesi, vilevile ilivyo kwenye piano ya mbao. Wiki za mwanzo mkono ulinichoka, kidole cha pete na kidole cha mwisho vikawa havisikii amri kabisa, wimbo ambao kwenye kinanda cha kanisa naupiga huku naongea na watu, huku nikawa nautafuta.

Na kuna jambo hili ambalo kinanda cha biti hakikwambii. Kile kitu kinakufichia. Ukichelewa ngoma inakubeba, ukipiga noti zote kwa nguvu moja hamna anayejua kwa sababu besi gita na shekeri zimejaa kila mahali. Jaribu sasa prelude (kipande kifupi cha utangulizi) ya kwanza ya mtunzi Bach, ya C meja, ile inayofungua kitabu chake cha 1722, ni baa 35 tu na kuisoma siyo ngumu, mwanakwaya anayejua nota anaweza kuipapasa. Ni akodi zimevunjwavunjwa, noti moja moja, mwanzo hadi mwisho. Nilipoipiga kwenye PSR ilisikika sawa. Kwenye P-45 nikasikia kila kitu, kidole gumba cha kulia kinapiga kelele, kile cha pili cha kushoto kinasinzia, na pale akodi inapobana halafu inafunguka, ambapo ungetakiwa ushushe sauti kidogo, nilikuwa napita tu kwa kasi ya hiace inayowahi abiria Buzuruga. Nilikaa na huo ukurasa mmoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na misa nzima.

Huyo mzee sasa. Kipindi nasaka namna ya kuupiga huo ukurasa, kwa bando la usiku, nikakutana na Sviatoslav Richter. Kwa wasiomjua, ni mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa wa karne iliyopita, na wapo wengi tu watakaokwambia ndiye mkubwa wao. Kazaliwa 1915 Zhytomyr, leo ni Ukraine, akakulia Odessa. Baba yake alikuwa mpiga piano na ogani, ndiye aliyemwonyesha mwanzo, ila sehemu kubwa jamaa alijifundisha mwenyewe kwa kusoma manota ya opera pale nyumbani, anafungua kitabu anapiga kilichomo. Akiwa na miaka 15 yuko kazini kwenye jumba la opera la Odessa, anawapigia waimbaji mazoezi.

Hapo nilisimamisha video. Kuwapigia waimbaji mazoezi! Si ndo kazi yangu mimi kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, sauti ya tatu rudieni, besi mnashuka, tena kutoka mwanzo. Kumbe kuna mtu alianzia hapo hapo akaja kujaza kumbi za dunia nzima. Onyesho lake la kwanza la peke yake alifanya 1934, Chopin mtupu. Mwaka 1937 ndo akaenda Moscow kwa mwalimu Heinrich Neuhaus, ana miaka 22, shule rasmi ya piano hajawahi kupita, na Neuhaus akasema huyu ndiye mwanafunzi niliyemsubiri maisha yangu yote. Usidhani maisha yalikuwa laini, 1941 baba yake alipigwa risasi na serikali ya nchi yake, kosa lake ni kuwa na asili ya Ujerumani wakati wa vita. Mtoto akaendelea kupiga. Kwa miaka mingi hawakumruhusu kwenda nchi za Magharibi, sifa zake zilikuwa zinatangulia kwa sahani za santuri na kwa midomo ya wanamuziki waliomsikia, hadi Oktoba 1960 ndo akatua Marekani, Chicago kwanza, halafu New York pale Carnegie Hall. Ana miaka 45 tayari. Watu walimpokea kwa namna ambayo mwingine angehamia huko moja kwa moja.

Yeye Marekani wala haikumkaa moyoni. Kwa ninavyomsoma, umaarufu alikuwa anauvumilia tu. Mahojiano kwake yalikuwa ya kuhesabu, ratiba ya kupangiwa miaka miwili mbele hataki, kughairi maonyesho ilikuwa kawaida yake, ndege haipendi. Anachopenda ni kwenda mahali padogo akapige. Mwaka 1964 alianzisha tamasha Ufaransa karibu na mji wa Tours, ukumbi wake ni ghala, ghala la zamani la kuwekea mavuno lililojengwa karne ya 13, piano ikawekwa mle ndani watu wakakaa. Halafu 1986, mzee ana miaka 71, akaondoka kuikata Siberia, karibu miezi sita barabarani, maonyesho yanatajwa kufika kama 150, na mengine kwenye vimji ambavyo havina hata ukumbi wa muziki. Na piano aliyokuwa nayo ni Yamaha.

Ndo hapo mnaanza kuelewa. Sisemi P-45 ni ndugu wa ile, tusidanganyane, piano kubwa ya jukwaani ya Yamaha ina urefu wa mita 2.75 na uzito unaosogelea nusu tani, mtu wa kuiweka sawa nyuzi zake anakuja kabla ya kila onyesho, na hii yangu naibeba begani. Kinachofanana ni nembo na vibonyezo 88. Ila kilichonigusa kwa Richter siyo nembo, ni kwamba yeye alikuwa hachagui piano. Wenzake wakifika mjini wanaonyeshwa tatu nne wanajaribu moja moja, yeye alisema hakuna kitu kibaya kuliko kuchagua, unakaa unawaza ungechukua ile nyingine, atakayoikuta ndo hiyo hiyo, na akaleta mfano wa Petro kutembea juu ya maji, kwamba usipoamini unazama pale pale. Mtu wa kanisa, unakaa mita chache kutoka ziwani, huo mfano unakuingia. Mimi nilikuwa kwenye ile hali ya kusubiri, siku tukipata piano ya mbao, siku parokia ikipata mfadhili, siku nikihamia Dar. Nikaacha kusubiri nikaenda mjini na hela.

Kuhusu kununua sitaeleza sana. Duka nililochukulia silitaji, ila wajue kwamba pedali inakuja nayo kwenye boksi tangu kiwandani, kwa hiyo muuzaji anapokwambia pedali ni bei ya pembeni anakula kwako. Tulivutana akatoa. Vilevile angalia adapta, inatakiwa ya volti 12 yenye kichwa chake sahihi, wengine wanakupa adapta ya ving'amuzi inayowaka taa lakini ukibonyeza kwa nguvu piano inazima.

Kuisafirisha ni mtihani mwingine. Bodaboda haiwezi, mita moja na theluthi ukiweka kwa upana unang'oa vioo vya magari Makoroboi yote. Kwenye hiace konda anataka nauli ya watu wawili, tena anataka kuweka na gunia la mkaa juu yake. Chukua bajaji, ilalie kwenye siti ya nyuma kichwa kikiwa juu kidogo, we kaa hapo hapo uishike, na umwambie dereva mapema kwamba matuta ya Mabatini apite taratibu. Msione nazidisha. Glenn Gould, yule mpiga piano Mkanada, alikuwa na piano yake moja ya Steinway aliyoipenda kuliko watu, mwaka 1971 ikaangushwa kwenye usafirishaji na haikurudi tena kuwa ile. Na alipoingia studio mwaka 1981 kurekodi upya kazi ya Bach iliyokuwa imemtoa akiwa kijana, alipiga kwenye Yamaha.

Umeme. Hapa P-45 inapoteza maksi nyingi kwa mazingira yetu. PSR nyingi ndogo zinakubali betri, umeme ukikatika katikati ya wimbo wa matoleo unaendelea, hii haina sehemu ya betri kabisa. Ukikatika imekatika. Uzuri ni kwamba inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo inverta ndogo ya sola na betri ya gari inaiendesha mazoezi yote bila shida, mi nimefanya hivyo. Lakini huwezi kuiamini peke yake siku ya Pasaka.

Na kuna kasheshe nyingine ambayo hakuna aliyeniambia. Piano hii ikikaa dakika 30 hujaigusa inajizima yenyewe, ni mpango wa kiwandani wa kubana matumizi. Nyumbani ni jambo jema. Sasa kuwa kwenye misa ya jubilei, homilia imekwenda mbali, baada ya homilia kuna risala, baada ya risala kuna neno la mgeni, halafu kiongozi wa liturujia anakugeukia anakupa ishara, kwaya imesimama, unabonyeza akodi ya kwanza, kimya. Unabonyeza tena kimya. Soprano wanakuangalia. Dawa yake iko hivi, shikilia kile kibonyezo cha mwisho kabisa upande wa kushoto, cha besi, halafu ukiwa umekishikilia washa. Hapo umeua ule mpango, haitajizima tena. Hii peke yake inatosha kuwa sababu ya wewe kusoma mpaka hapa.

Sauti ya spika zake: wati sita kila upande, spika mbili. Sebuleni inajaa, tena vizuri, kuna wakati jirani anakuja kuuliza redio gani hiyo. Kanisani hamna kitu. Kwaya ya watu thelathini ikifungua kinywa piano inameza ulimi. Inabidi uunganishe kwenye miksa, na tundu la kutolea sauti ni moja tu, lile lile la hedifoni, jeki kubwa. Ukichomeka pale spika zake zinakata, kwa hiyo unabaki kujisikia kupitia spika za ukumbi zilizoko mbele huko zinaangalia waumini, na fundi mitambo akiwa amesinzia ndo umekwisha. Omba spika ndogo ya kando yako au piga kwa imani. Sauti yenyewe ikishapita kwenye miksa nzuri, ile piano ya kwanza ni safi sana, ina kina huku chini, ila ukipiga kwa nguvu juu kabisa inakuwa na ukali fulani wa kibati. Ina uwezo wa noti 64 kuita kwa pamoja, inaonekana nyingi, lakini ukikanyaga pedali na ukachanganya piano na nyuzi utasikia noti za zamani zinakatika kimyakimya. Ogani ya kwanza inafaa sana kwa nyimbo za Kwaresima.

Hilo tundu la hedifoni ndilo lililoniokoa na majirani. Nyumba za kupanga tunazijua, ukuta mmoja familia tatu, huwezi kurudia mstari ule ule mara arobaini saa nne usiku ukaamka na amani. Na hedifoni napiga mpaka nachoka. Ila kuna kitu kinatokea ukizoea kupiga na hedifoni, unaanza kujipenda, unasikia kila kitu kizuri, hamna anayekohoa, hamna mtoto analia. Gould aliuchukua huo upande mpaka mwisho wake, mwaka 1964 akapiga onyesho Los Angeles akiwa na miaka 31, na hakurudi tena jukwaani, iliyobaki yote ni studio na redio hadi anafariki 1982. Alikuwa anaona onyesho la hadharani ni uwanja wa mieleka, watu wanakuja kusubiri ukosee. Namwelewa, ila mi simo. Sikiliza Richter alivyopiga Sofia, Bulgaria, Februari 1958, kazi ya Mussorgsky ya yale mapicha (Pictures at an Exhibition), ukumbi mzima unakohoa ni msimu wa mafua, noti kadhaa zimekosewa waziwazi, na mpaka leo watu wanaisaka rekodi hiyo kuliko zile safi za studio. Sasa niambie nani anapoteza.

Pedali niliyoigombania, aisee, siyo ya kugombania. Ni kile kikanyagio cha plastiki cha mraba, chepesi, kwenye sakafu ya vigae kinateleza kama sabuni, ukifika mstari wa nne unakitafuta kwa mguu chini ya stendi. Nimekibandika kwenye kipande cha mpira wa tairi kwa gundi ya viatu na kinatulia. Mwenye uwezo anunue ile pedali nzito yenye umbo la piano, tofauti ni kubwa.

Mambo ambayo sikuyatarajia na yamenifaa: inahamisha funguo, kwa hiyo soprano wakiwa na mafua nashusha nusu sauti bila kuandika upya, ijapokuwa ni kwa kubonyeza batani na kibonyezo na kama umesahau kuirudisha wimbo unaofuata utakuwa kituko. Ina namna ya kujigawa katikati ikawa piano mbili zinazofanana, kushoto mwalimu kulia mwanafunzi, kila mmoja ana C yake ya katikati. Nafundishia watoto wawili wa jumuiya kwa njia hiyo na wameenda haraka kuliko nilivyotegemea, hasa yule binti, ana mkono wa kushoto ambao mimi sina. Ina metronomu pia, na tundu la kuunganisha na kompyuta kwa wanaoandika nota.

Niliipeleka Ukerewe. Kwaya ya huko ilikuwa na sherehe ya kigango wakaomba mpiga kinanda, nikasema nakuja na changu. Kwenye meli ya Nansio nikailaza juu ya mabegi, mabaharia wakidhani ni jeneza la mtoto wakanyamaza kwa heshima mpaka nilipoifungua. Kule nilipofika kanisa ni dogo, bati, madirisha wazi, miksa haipo, nikasema hizi wati sita leo zitajieleza zenyewe. Na zikatosha! Kanisa dogo, watu wamesogea, kwaya haipigi kelele kwa sababu hamna ngoma za kushindana nazo, nikawa nasikia teno wanavyopumua. Baada ya misa nikapiga ile prelude ya Bach hivi hivi, watu wanatoka. Mzee mmoja wa kigango akarudi akasimama pembeni mpaka mwisho, nikajua amepata kitu. Akaniuliza, mwalimu, kinapiga vizuri, ila biti yake iko wapi? Nikamwambia haina, mzee. Akatikisa kichwa, akasema basi mmeibiwa.

Jioni yake tulifanya mazoezi na umeme wa sola, taa moja tu juu ya piano. Richter uzeeni, kuanzia kama 1980, alikuwa anapiga hivyo kwa kupenda, ukumbi giza totoro, kataa kadogo kanamulika kitabu cha nota, anasema watu wasikilize muziki wasimkodolee yeye uso na vidole. Wazo zuri Moscow. Huku kwetu kando ya ziwa ukiacha taa moja tu umewaita wale wadudu wa ziwani wa wilaya nzima, waliingia kwenye nota, waliingia kwenye vibonyezo, mwingine aliingia mdomoni kwa alto aliyekuwa na noti ndefu. Nilikuja kuisafisha kwa brashi ya rangi. Hili si kosa la Yamaha.

Wanaouliza kama inavumilia: hali ya hewa ya huku haijaisumbua, haina nyuzi za kulegea wala mbao za kuvimba, na hapo ndipo inaishinda piano ya mbao kwa mtu wa Mwanza, maana wa kuja kuweka sawa nyuzi mia mbili na zaidi utamtoa wapi kila baada ya miezi. Vumbi ndo adui, funika na kitenge kizito. Vibonyezo vya katikati vimeanza kutoa kamlio kadogo ukivigusa huku imezimwa, ni kawaida ya hizi zilizotumika. Kasoro ninayoiona kwa muziki wenyewe ni kwamba ukirudia noti moja kwa kasi sana baadhi zinapotea, kibonyezo kinataka kirudi juu karibu chote ndo kihesabu tena. Kwa kiwango changu haisumbui. Anayepiga vitu vizito ataichoka.

Ukiwa unakagua ya mtumba, usipige wimbo. Wauzaji wanataka upige wimbo. We anza kushoto kibonyezo kimoja kimoja mpaka kulia kwa mguso mwepesi kabisa, halafu rudi kwa nguvu, chenye hitilafu kitajitaja, kitaruka au kitapiga kelele kuliko wenzake. Chomeka hedifoni uchezeshe jeki usikie kama inakwaruza. Kanyaga pedali. Iwashe, iache, ukanywe chai urudi.

Mwisho ni kukaa. Kiti cha plastiki ni kifupi kwa wengi wetu, viwiko vinashuka chini ya vibonyezo na mabega yanauma. Gould alikaa chini hivyo kwa makusudi, kwenye kikiti alichotengenezewa na baba yake akakibeba dunia nzima, lakini huyo ni Gould. Na zile stendi za chuma za umbo la eksi zinayumba ukipiga kwa nguvu, ndo maana nilimpelekea vipimo fundi seremala mmoja wa Mabatini akanichongea meza ya mninga yenye miguu minne na benchi lake. Haitikisiki hata kidogo, tatizo ni kwamba ni nzito kuliko piano yenyewe, kwa hiyo Ukerewe haikwenda.